Mshahara Upatanwe Kabla ya Kuvuka Mpaka

Wazazi wengi wa Rombo, wa Same, wa Tarime na wa Muheza wamekwisha kuliona jambo hili nyumbani mwao. Jioni moja mtoto aliyemaliza shule anasema kwamba amepata kazi Nairobi, au Mombasa. Nani amempatia? Ni dada wa rafiki yake, au ni mama mmoja aliyekuja msibani. Kazi gani? Kazi ya nyumbani, au ya duka, au ya kusuka nywele. Ataondoka lini? Keshokutwa. Mama anakwenda kutafuta nauli, baba anatoa baraka zake, na wadogo zake wanaomba waletewe viatu. Lakini katika maneno yote ya jioni ile swali moja haliulizwi, nalo ni hili: Atalipwa shilingi ngapi, lini, na mkononi mwa nani? Na likiulizwa, jibu huwa, "Tutaelewana nikifika."

Huko kuelewana baada ya kufika ndiko kunakowaponza vijana wetu. Mtu aliyekwisha kufika hana nauli ya kurudi, hana jamaa wa kulala kwake, na njaa iko tumboni. Atakubali lo lote atakaloambiwa. Na ikiwa amevuka mpaka bila karatasi za kazi, hata hayo machache aliyoahidiwa hana mahali pa kuyadai. Kwa hiyo leo twataka kusema na baba na mama, na vijana wenyewe, juu ya mambo hayo mawili, mshahara na karatasi. Kwa mwananchi ni mambo mawili. Kwa mgeni ni jambo moja.

HESABU INAYODANGANYA

Mwaka 2025 shilingi moja ya Kenya ilibadilishwa kwa shilingi 18 hadi 21 hivi za Tanzania. Basi binti akiambiwa kwamba atapewa shilingi 6,000 za Kenya kwa mwezi, huzidisha kwa 20 pale pale, akaona 120,000. Anakumbuka kwamba amri ya mishahara ya Tanzania iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimwekea mtumishi wa nyumbani anayelala kwa tajiri wake kima cha chini cha shilingi 60,000. Basi aona amepata maradufu, na usiku huo hapati usingizi kwa furaha.

Hesabu hiyo ni sawa kwa fedha itakayofika nyumbani kwa mama yake. Kwa fedha itakayotumika kule si sawa hata kidogo, maana anayenunua sabuni na dawa Nairobi hununua kwa bei ya Nairobi. Kipimo chema ni unga. Amwulize mtu anayekaa kule, asiwe yule anayempeleka kazini, pakiti ya unga ya kilo mbili ni shilingi ngapi, chumba kimoja ni shilingi ngapi, na nauli ya matatu kwenda kazini na kurudi ni shilingi ngapi kwa siku. Kisha mshahara aliotajiwa augawe kwa vitu hivyo. Yako makazi ambayo, ukitoa kodi ya chumba na nauli, mshahara wa kibarua hubaki mdogo kuliko ule aliouacha kijijini. Kwa anayelala na kula kwa tajiri hesabu ni nyingine, naye aweza kuweka akiba zaidi. Lakini huyo naye ana hasara yake, kwa kuwa mlango wa nyumba anamolala una ufunguo wa mtu mwingine, naye huamka tajiri anapotaka.

Sasa na tuone serikali ya Kenya yenyewe imesema nini. Amri ya mishahara iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024 iliweka kima cha chini kwa kazi isiyo ya ufundi katika miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa na Kisumu kuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi. Katika kundi hilo wametajwa mfagiaji, mtunza bustani, yaya wa watoto, mtumishi wa nyumbani na mlinzi wa mchana. Katika miji midogo kima hicho hushuka. Kwa kibarua wa shamba asiye na ufundi iliweka shilingi 7,997 na senti 33. Tena viwango hivyo havikuhesabu nyumba: tajiri asiyempa mtumishi wake mahali pa kulala hana budi kumwongezea fedha ya kodi. Amri hizi hubadilika, basi anayeondoka leo aulize iliyo mpya.

Sasa rudini kwa binti yetu na shilingi zake 6,000. Alizozishangilia kitandani hazifiki nusu ya kile ambacho sheria ya nchi ile imemwekea. Hakuna aliyemdanganya kwa maneno. Amedanganywa na kutokujua kwake.

MUHURI WA MATEMBEZI

Wengine watasema, "Lakini siku hizi Afrika Mashariki ni moja." Ni kweli kwa sehemu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa sahihi Novemba 2009, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2010, nayo inasema kwamba wafanyakazi waweza kwenda kutafuta kazi katika nchi jirani. Lakini haikuondoa kibali. Kanuni zake zasema kwamba aliyepata kazi ya zaidi ya siku 90 katika nchi nyingine ya Jumuiya aombe kibali cha kazi katika siku 15 za kazi tangu alipofanya mkataba, na wakuu wanaohusika wametakiwa kulishughulikia ombi lake katika siku 30. Zaidi ya hayo, kila nchi ilitoa orodha yake ya kazi ilizozifungulia mlango, na orodha hizo huwapendelea zaidi wenye vyeti na ufundi kuliko wenye mikono mitupu.

Kijana akifika Namanga, au Holili, au Sirari, au Horohoro, akaonyesha hati yake ya kusafiria, atagongewa muhuri. Muhuri huo ni wa kutembea, kusalimia jamaa, kuuguza mgonjwa. Si wa kazi. Akianza kazi kwa muhuri huo amevunja sheria siku ya kwanza, na tajiri wake analijua jambo hilo vema kuliko yeye. Wala hatalisema siku hiyo. Atalisema mwezi wa nne, siku atakapodaiwa mishahara mitatu: "Wewe huna kibali. Ukitaka, twende polisi." Hapo mdomo wa mgeni hufungwa.

Wenzetu wa Kenya wana sheria njema. Sheria yao ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kwamba mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe, na ni kazi ya tajiri kuuandika. Asiyejua kusoma asomewe na kuelezwa kwa lugha anayoifahamu kabla ya kutia dole gumba. Mfanyakazi apate siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kila amalizapo miezi 12. Hata mgeni hakusahauliwa: sheria ile ile yamtaka tajiri atoe nafasi sawa kwa mfanyakazi mhamiaji. Lakini yamtaja mhamiaji aliyemo nchini kwa halali. Neno hilo la mwisho lina thamani kuliko nyongeza yo yote ya mshahara atakayoiomba kijana wako.

Hatutaki kuwaficha wazazi ukweli ulio mgumu. Kibali cha kazi kule hutolewa kwa kazi fulani, kwa tajiri fulani, na serikali hupenda kujua kwanza kama kazi hiyo haiwezi kufanywa na mwananchi. Kwa hiyo fundi wa umeme, fundi cherehani hodari, mwalimu au mpishi wa hoteli, mwenye cheti chake cha VETA au cha chuo, ana jambo la kuonyesha. Binti wa kuosha vyombo hana cha kuonyesha ila mikono yake, na tajiri wake mara nyingi hataki taabu wala gharama ya kumwombea. Kwa maoni yetu, mzazi aliye na nauli ya kumpeleka binti Nairobi bila kibali afikiri kwanza kama fedha hiyo, pamoja na mbuzi mmoja, haiwezi kumwanzishia ada ya ufundi karibu na nyumbani. Akiisha kupata cheti, na avuke. Atavuka akiwa mtu mwingine.

"UTANIPA UTAKACHOONA"

Tuseme sasa kwamba kazi ni ya kweli na tajiri yuko tayari kuomba kibali. Bado kuna kupatana, na hapo sisi Watanzania tuna udhaifu wetu. Tumelelewa kuona aibu kutaja fedha mbele ya mkubwa. Kwetu kijana mwenye adabu huanza na shikamoo, huuliza habari za watoto na za ng'ombe, na fedha ikitajwa hutazama chini. Nairobi shikamoo si desturi ya watu wengi, na mama mwenye nyumba ana haraka ya kwenda kazini. Atauliza mara moja:

"Sasa, unataka pesa ngapi?"

"Mama, wewe utanipa utakachoona kinafaa."

"Haya. Nitakupa elfu sita. Unaanza kesho."

"Ahsante, mama."

Dakika moja imekwisha, na pamoja nayo mshahara wa mwaka mzima. Yule mama si lazima awe mbaya. Ameuliza bei akaambiwa aiweke mwenyewe, na mnunuzi gani atajiwekea bei ya juu? Hebu tusikilize tena, binti akiwa amefundishwa na wazazi wake:

"Sasa, unataka pesa ngapi?"

"Mama, naomba kwanza niifahamu kazi. Watoto ni wangapi? Nguo nafua kwa mkono?"

"Watoto watatu. Mmoja bado ananyonya. Nguo ni za mkono."

"Na kupika ni kwangu?"

"Ni kwako, isipokuwa Jumapili."

"Basi, mama, Jumapili naomba iwe siku yangu ya kupumzika. Kazi ya watoto naijua, nimelea wadogo zangu. Naomba elfu kumi na sita na mia moja, kama serikali ilivyopanga kwa Nairobi."

"Nani hapa mtaani analipa hiyo?"

"Wapo, mama. Na kibali changu, tutaandika lini?"

Yawezekana mama huyo atacheka, aseme hana fedha ya namna hiyo, na binti apoteze kazi. Ni kweli pia kwamba nyumba nyingi hulipa chini ya kima cha sheria. Lakini anayeanza kupatana kwenye 16,000 hataishia kwenye sita, na tajiri akilisikia neno kibali akakataa, afadhali akatae siku ya kwanza, wakati nauli ya kurudi ingali mfukoni, kuliko kukataa mwezi wa nne.

Mwaona kwamba binti hakuzungumza kwa jeuri. Aliuliza kazi kabla ya bei, akasema mama kila mara, akataja kiwango cha serikali badala ya kujitungia. Adabu yake yote imebaki.

Kuna maneno mengine ya kuangalia. Tofauti za lugha zaweza kumgharimu mtu fedha. Kwetu posho ni fedha au chakula apewacho mtumishi juu ya mshahara. Uganda posho ni ugali tu. Kijana wa Kagera aliyeahidiwa "mshahara na posho" ng'ambo ya Mutukula asikasirike akiona sahani badala ya noti, angeuliza mapema. Vivyo hivyo mtu akitajiwa "shilingi" aulize ni za nchi gani, maana nchi tatu jirani zina shilingi, na thamani yake ni mbalimbali sana.

"NITAKUWEKEA"

Katika mapatano yote hakuna neno la kuogopwa kama hili: "Mshahara wako nitakuwekea, nitakupa wote siku ya kwenda kwenu." Husemwa kwa upole, kama mama asemavyo na mwanawe. Kijana huona ni vema, fedha haitapotea. Lakini fedha iliyowekwa kwa tajiri ni kamba shingoni. Akitaka kuondoka kwa sababu ya matusi au ugonjwa, hawezi, kwa kuwa miezi yake saba imo kabatini mwa mtu.

Wazee wetu waliijua kamba hiyo. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro wakati wa ukoloni, wale manamba waliotoka mbali, wengine hata Ruanda-Urundi, walipewa kipande chenye siku 30 za kazi. Siku isiyomalizwa haikuandikwa, na mpaka kipande kijae mtu hakupata mshahara wake. Kipande kile cha karatasi kimekwisha, lakini "nitakuwekea" ni mdogo wake. Tena kipande kilikuwa na siku 30 tu, na mgeni aliweza kukikunjua akazihesabu.

Basi kijana apatane kulipwa kila mwisho wa mwezi, kwa laini yake mwenyewe ya simu iliyoandikwa kwa jina lake na hati yake, wala si kwa laini ya aliyempeleka. Tangu mwaka 2015 fedha ya M-Pesa yaweza kutumwa kutoka Kenya kuja Tanzania moja kwa moja, na mama aweza kuipokea kwa wakala wa kijijini. Na fedha ikikoma kufika miezi miwili mfululizo, wazazi wapige simu waulize, wasingoje Krismasi.

Jambo la nauli nalo lina sumu yake. Mtu akisema, "Nimekulipia nauli na chakula cha njiani, utanilipa kwa kazi," aulizwe mbele ya wazazi: ni shilingi ngapi, zitakatwa kwa miezi mingapi, na kila mwezi zitakatwa ngapi? Iandikwe. Deni lisiloandikwa halipungui. Na tajiri au wakala akiomba akae na kitambulisho au hati ya kusafiria ya kijana "isije ikapotea", asipewe hata kidogo. Kumsafirisha mtu kwa hila ili atumikishwe ni kosa kubwa katika nchi zote mbili. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2008 na Kenya ya mwaka 2010. Wapo wenzetu walemavu waliochukuliwa kutoka vijijini vya Tanzania kwa ahadi ya kazi, wakajikuta wanaombaomba katika barabara za Nairobi na kila jioni wakinyang'anywa walichopata.

Siku ya kuondoka, pamoja na nguo, kijana achukue daftari la senti chache. Ukurasa wa kwanza aandike jina la tajiri, mtaa, namba ya simu na kazi waliyopatana. Nakala ya ukurasa huo ibaki nyumbani kwa baba. Kila mwezi aandike siku alizofanya kazi, alicholipwa na alichobakiziwa. Ikifika kugombana, sheria ya Kenya yasema kwamba tajiri aliyeshindwa kuleta mkataba wa maandishi mbele ya mahakama ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba mapatano hayakuwa hayo. Mwenye daftari na kibali aende kwa afisa wa kazi wa mahali pale. Madai ya mshahara yaweza kupelekwa mbele kwa muda wa miaka mitatu, hata kama amekwisha kurudi kwao. Asiyepata msaada aende ubalozi wetu ulioko Nairobi, au konseli yetu ya Mombasa.

NA WALE WANAOKUJA KWETU

Kabla hatujaweka kalamu chini, twaomba wasomaji wetu wa Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Ngara watusikilize kidogo. Huko mgeni si mtoto wetu. Ni kijana wa Burundi anayevuka wakati wa kulima au wa palizi, jembe begani, akipatana kulima ekari kwa bei fulani, na mara nyingi kwa ahadi ya kulipwa baada ya mavuno. Hulala katika kibanda cha shamba, hupika maharage ya mwenye shamba, na miezi hupita. Mahindi yakiisha kukauka, wako wakulima wanaolipa kama walivyosema. Wako na wengine ambao hawamkumbuki afisa wa Uhamiaji mwaka mzima, wakaja kumkumbuka siku ya kulipa.

Mkulima huyo hudhani kwamba sheria iko upande wake peke yake. Lakini sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 juu ya ajira za wageni humkataza pia mwajiri kumtumia mgeni asiye na kibali. Akimshika mkono kijana yule na kumfikisha kwa afisa, swali la kwanza laweza kuwa hili: Miezi hiyo mitano alikuwa akilima shamba la nani?